Nadharia inasema moja ya sita, dadu inasema vingine: mwongozo kamili wa kupima uwezekano

Rusha dadu mara 60. Kwa hesabu ya darasani, kila namba ingetokea mara 10. Ukimaliza utakuta moja imetokea mara 13, nyingine mara 7, na hapo ndipo wanafunzi wengi hufuta daftari na kuanza upya, au hurekebisha tarakimu kimyakimya ili zilingane na kitabu. Katika mada hii sijui kosa linaloumiza kuliko hilo. Tofauti kati ya nadharia na majaribio ndiyo somo lenyewe. Ina ukubwa wake na ina kanuni yake, na anayejua kuipima anaweza kutazama jedwali la namba akaeleza kama dadu iko sawa, kama ina kasoro, au kama aliyelijaza hakurusha kitu.

Unachohitaji ni dadu mbili za rangi tofauti, kikombe, karatasi na kalamu, na simu yenye kikokotoo. Mwishoni tutatumia pia kizibo cha soda.

Andika nadharia kabla hujagusa dadu

Uwezekano wa kinadharia hupatikana kwa kufikiri tu, bila kurusha. Dadu ina nyuso sita. Ikiwa ni mchemraba kamili na uzito wake umeenea sawasawa, hakuna sababu ya uso mmoja kutokea zaidi ya mwingine, kwa hiyo kila uso una uwezekano wa 1/6, yaani 0.167 au asilimia 16.7. Kanuni ni hii: idadi ya matokeo unayoyatafuta, gawanya kwa idadi ya matokeo yote yanayoweza kutokea. Namba shufwa ziko tatu (2, 4, 6), basi uwezekano wake ni 3/6. Namba inayozidi 4 ni 5 au 6, basi ni 2/6.

Kanuni hiyo inasimama juu ya sharti moja, kwamba matokeo yote yana nafasi sawa. Sharti likivunjika, hesabu yote inaanguka hata kama umegawanya bila kukosea. Tutalirudia tukifika kwenye dadu zenye kasoro.

Kabla ya kurusha, andika juu ya karatasi unachotarajia: marusho 60 mara 1/6 ni 10 kwa kila namba. Matarajio yanayoandikwa baada ya matokeo kuonekana hayana thamani.

Kurusha na kuandika

Tumia kikombe. Dadu inayodondoshwa kwa vidole kutoka karibu haibingiriki vya kutosha, na mkono unaweza kuiongoza hata bila mwenyewe kukusudia. Tia kwenye kikombe, tikisa, mwaga juu ya meza ngumu isiyoinama. Kitambaa kinene au mkeka huifanya isimame mapema, wakati mwingine ikae mshazari.

Kuna mambo ya kuamua kabla ya rusho la kwanza. Dadu ikianguka sakafuni au ikiegemea kitu, utafanya nini? Utaratibu wa kawaida ni kuirusha upya bila kuandika, na bila kujali ilionyesha namba gani. Kisha, utarusha mara ngapi? Hapa watu huteleza sana. Mtu amepanga marusho 60, akifika 52 anaona jedwali limependeza, anaacha. Mwingine anamaliza 60, anaona sita ni chache, anaongeza mpaka zitoshe. Kwa mtindo huo dadu yoyote itatoa jibu lolote. Idadi ukishaipanga, imalize, kisha uache.

Kazi hii ni nyepesi mkiwa wawili: mmoja anarusha na kutaja namba, mwenzake anaandika. Chora mistari sita ya jedwali, na kwa kila rusho piga kijiti kwenye namba yake. Kijiti cha tano kikate vile vinne vilivyotangulia, ili uhesabu kwa mafungu ya tano. Mimi hupendelea namba ziandikwe kwanza kwa mfululizo zilivyotoka: 3, 6, 6, 1, 4… Mfululizo unaweza kugeuzwa jedwali wakati wowote, lakini jedwali halirudi kuwa mfululizo.

Tuseme marusho 60 yametoa haya:

| Namba | Imetokea | Uwezekano wa majaribio | Nadharia |
|---|---|---|---|
| 1 | 8 | 0.133 | 0.167 |
| 2 | 12 | 0.200 | 0.167 |
| 3 | 9 | 0.150 | 0.167 |
| 4 | 11 | 0.183 | 0.167 |
| 5 | 7 | 0.117 | 0.167 |
| 6 | 13 | 0.217 | 0.167 |

Uwezekano wa majaribio ni mara ambazo tukio limetokea, gawanya kwa marusho yote. Sita imetokea mara 13, kwa hiyo 13/60 = 0.217. Sasa swali: sita imekaribia kuwa mara mbili ya tano. Je, dadu hii ina walakini?

Tofauti kiasi gani ni ya kawaida?

Vitabu vingi vya shule huishia kwenye jedwali, vikisema kwamba ukirusha zaidi matokeo yatakaribia nadharia. Ni kweli, ila haikusaidii kujibu swali tulilouliza. Jibu linahitaji kipimo, nacho ni hesabu ya mstari mmoja.

Chukua idadi ya marusho, zidisha kwa uwezekano wa tukio kutokea, zidisha tena kwa uwezekano wa kutotokea, kisha tafuta kipeuo cha pili. Kwa mfano wetu: 60 × 1/6 × 5/6 = 8.33, na kipeuo chake cha pili ni karibu 2.9. Hicho ndicho kipimo cha mtawanyiko. Zidisha kwa mbili, upate karibu 6. Kwa dadu iliyo sawa, namba uliyoichagua mapema itaangukia kati ya 4 na 16 (yaani 10 kutoa 6 hadi 10 kujumlisha 6) zaidi ya mara 95 katika kila majaribio 100 ya aina hii.

Saba imo ndani ya mpaka. Kumi na tatu imo pia. Dadu haijatupa sababu yoyote ya kuishuku.

Angalia sasa mpaka huo unavyobadilika marusho yakiongezeka:

| Marusho | Matarajio | Mpaka wa kawaida | Kwa asilimia |
|---|---|---|---|
| 60 | 10 | 4 hadi 16 | 6.7 hadi 26.7 |
| 600 | 100 | 82 hadi 118 | 13.7 hadi 19.7 |
| 6,000 | 1,000 | 942 hadi 1,058 | 15.7 hadi 17.6 |

Soma safu mbili za mwisho pamoja, taratibu. Kwa idadi, nafasi ya kupotoka inapanuka: 6, kisha 18, kisha 58. Kwa asilimia, inasinyaa. Ukiongeza marusho mara 100, pengo la asilimia linapungua mara 10 tu, kwa sababu ya kile kipeuo cha pili. Kwamba uwiano hukaribia nadharia kadiri majaribio yanavyoongezeka lilithibitishwa na mwanahisabati Jakob Bernoulli wa Basel, Uswisi, katika kitabu kilichochapishwa mwaka 1713, miaka minane baada ya kifo chake. Alichothibitisha kinahusu uwiano. Hakusema kwamba namba iliyopungua italipwa baadaye.

Nalisisitiza hili kwa sababu watu hupoteza fedha zao hapo. Kwenye ludo utamsikia mchezaji aliyekosa sita mara tisa akisema sasa lazima ije. Hakuna ulazima. Rusho la kumi lina uwezekano uleule wa 1/6, kwani dadu haina mahali pa kutunza deni. Uwezekano wa kukosa sita mara kumi mfululizo ni 5/6 ikizidishwa kwa yenyewe mara kumi, yaani 0.162. Mkikaa wachezaji wanne, uwezekano kwamba angalau mmoja wenu atarusha mara kumi za mwanzo bila kuona sita umepita nusu kidogo. Kwenye ludo mtu huyo ananuna tu. Kwenye kamari anaongeza dau, akiamini zamu yake imekaribia. Na sita zilizopungua mwanzoni hazirudishwi na yeyote: katika marusho 6,000 upungufu wa sita mbili unakuwa mdogo mno kuonekana, basi.

Kwa mwalimu: darasa zima

Darasa la wanafunzi 40, kila mmoja akirusha mara 30, linazalisha marusho 1,200 ndani ya kipindi kimoja. Kila mwanafunzi anatarajia 5 kwa kila namba, na mpaka wake ni kati ya 1 na 9. Majedwali yao yatatofautiana sana. Yajumlishe ubaoni: matarajio ni 200 kwa kila namba, mpaka 174 hadi 226. Jumlisha hatua kwa hatua, wanafunzi watano watano, ukiandika asilimia ya sita kila mara, ili darasa lione inavyoyumba mwanzoni na kutulia baadaye.

Katika darasa la ukubwa huo, tegemea kwamba karibu mwanafunzi mmoja atakosa kabisa namba fulani. Uwezekano wa namba moja kutotokea katika marusho 30 ni 0.0042, lakini kuna wanafunzi 40 na namba sita kwa kila mmoja, yaani nafasi 240 za jambo hilo kutukia. Usimwambie arudie. Jedwali lake ni halali.

Wa kuulizwa ni yule aliyeleta 5, 5, 5, 5, 5, 5. Hilo hutokea kama mara moja katika 2,500. Matokeo yanayolingana na nadharia kupita kiasi yana harufu ya kupikwa, na ni vizuri wanafunzi walijue hilo mapema, kabla hawajazoea kudhani kwamba jibu safi ndilo jibu la kweli.

Dadu mbili, na mabishano yanayomalizwa kwa kurusha

Jumla ya dadu mbili huanzia 2 hadi 12, ziko jumla 11. Wapo watakaosema kila jumla ina uwezekano wa 1/11. Usibishane nao sana. Chukua dadu nyekundu na nyeupe, rusheni pamoja mara 180.

Kama kila jumla ingekuwa na nafasi sawa, kila moja ingetokea kama mara 16. Nadharia sahihi inahesabu vingine: nyekundu ina nyuso sita, na kwa kila mmoja nyeupe ina sita, kwa hiyo matokeo ni 36. Jumla ya 2 ina njia moja tu (1 na 1). Jumla ya 3 ina mbili, kwa sababu nyekundu 1 na nyeupe 2 si sawa na nyekundu 2 na nyeupe 1. Ndiyo maana tulitaka rangi tofauti. Njia zinaongezeka hadi sita kwenye jumla ya 7, kisha zinashuka tena hadi moja kwenye 12. Katika marusho 180, saba inatarajiwa mara 30, na mpaka wake ni 20 hadi 40. Mbili inatarajiwa mara 5, mpaka kati ya 1 na 9. Kumi na sita iko nje ya mipaka yote miwili. Karatasi yenu itaonyesha nani yuko sahihi.

Swali la aina hii lilimfikia mwanasayansi wa Italia, Galileo, mwanzoni mwa karne ya 17. Wacheza dadu tatu walikuwa wameona kwa uzoefu mrefu kwamba jumla ya 10 huja mara nyingi kuliko 9, ilhali zote mbili zinaweza kupangwa kwa makundi sita ya namba. Galileo alihesabu mpangilio wa kila dadu peke yake: njia 216 kwa jumla, kati yake 25 zinatoa 9 na 27 zinatoa 10. Jaribu mwenyewe kuziorodhesha. Ufunguo ni kwamba 3+3+3 hutokea kwa njia moja tu, 1+4+4 kwa njia tatu, na 1+2+6 kwa njia sita. Tofauti ya 2 katika 216 haifiki asilimia moja, na bado wachezaji waliiona. Walikuwa wamerusha mno.

Kuipima dadu nzima kwa mkupuo mmoja

Kukagua namba moja moja kuna kasoro: ukitazama namba zote sita, ni rahisi moja kuvuka mpaka kwa bahati tu. Mwaka 1900 mwanatakwimu Mwingereza Karl Pearson alichapisha njia ya kuzipima zote pamoja, inayoitwa kai mraba. Kwa kila namba, toa matarajio kwenye idadi iliyotokea, zidisha jibu kwa lenyewe, gawanya kwa matarajio. Kisha jumlisha majibu yote sita.

Kwa jedwali letu la 60, tofauti ni −2, 2, −1, 1, −3 na 3. Zikizidishwa kwa zenyewe zinakuwa 4, 4, 1, 1, 9 na 9, jumla 28. Gawanya kwa 10: tunapata 2.8. Kwa nyuso sita, mpaka ni 11.07, dadu iliyo sawa huuvuka mara 5 tu katika 100. Yetu iko mbali chini yake. Njia hii usiitumie matarajio yakiwa chini ya 5 kwa kila namba, maana yake usirushe chini ya mara 30.

Sasa tazama dadu ambayo kweli ilikuwa na kasoro. Mwanafalaki wa Uswisi Rudolf Wolf, katika karne ya 19, alirusha dadu nyekundu na nyeupe pamoja mara 20,000 na kuandika kila tokeo. Haya ni ya dadu nyeupe:

| 1 | 2 | 3 | 4 | 5 | 6 |
|---|---|---|---|---|---|
| 3,246 | 3,449 | 2,897 | 2,841 | 3,635 | 3,932 |

Matarajio ni 3,333 kwa kila namba. Fanya hesabu ya kai mraba: inafika 271, ambapo mpaka ni 11.07. Hapa bahati haiwezi kulaumiwa.

Na jedwali linaeleza hata kasoro ilikuwa wapi. Kwenye dadu ya kawaida, nyuso zinazotazamana hujumlika kuwa 7, kwa hiyo 3 na 4 ziko pande mbili zinazopingana. Zote mbili zimepungua. Hivyo ndivyo itakavyokuwa mchemraba ukiwa mrefu kidogo kutoka 3 hadi 4: ukisimama juu ya mojawapo unakuwa mrefu na mwembamba, unalala kwa urahisi. Kisha 6 imeizidi 1 inayotazamana nayo, na 5 imeizidi 2. Nukta huchimbwa, uso wenye mashimo sita hupoteza uzito kuliko wenye shimo moja, na upande mwepesi huelekea juu. Ndiyo sababu dadu za kasino mashimo yake hujazwa rangi yenye uzito sawa na kilichochimbwa.

Je, wewe ungeigundua dadu ya Wolf nyumbani? Sita yake ilitokea asilimia 19.7. Katika marusho 60 hiyo ni wastani wa 11.8 dhidi ya 10, hakuna atakayeona. Katika 600 ni 118, palepale kwenye ukingo wa mpaka. Unahitaji maelfu. Kasoro ikiwa ndogo zaidi, kazi inakuwa kubwa zaidi: mwaka 1894 Mwingereza Walter Weldon alimwandikia mwanasayansi mwenzake Francis Galton kuhusu marusho yake ya dadu 12 kwa pamoja, 26,306 kwa idadi. Tano na sita zilitokea mara 106,602 katika 315,672, yaani 0.3377 badala ya 0.3333. Tofauti hiyo ni zaidi ya mara tano ya kipimo cha mtawanyiko, lakini mtu mwenye marusho 600 asingeihisi hata kidogo. Kwa hiyo jaribio dogo likipita mpaka salama, sema “sijaona kasoro”, usiseme “dadu haina kasoro”.

Dadu za kompyuta

Kwenye programu ya majedwali kama Excel, andika =RANDBETWEEN(1,6) kwenye seli A1, buruta hadi A6000, kisha hesabu sita kwa =COUNTIF(A1:A6000,6). Ni njia nzuri ya kuona asilimia ikitulia bila kuchosha mkono. Ila programu imeandikwa ifuate 1/6, kwa hiyo inakuonyesha tabia ya bahati pekee. Kuhusu dadu iliyo mfukoni mwako haijui lolote.

Mahali nadharia inapokosa la kusema

Chukua kizibo cha chupa ya soda, vile vinavyochezewa drafti. Kikirushwa kitalala meno juu au meno chini. Matokeo ni mawili, lakini usiandike 1/2: pande hazifanani, sharti la nafasi sawa halipo. Hapa majaribio ndiyo njia pekee.

Rusha mara 200. Tuseme meno yametazama juu mara 120. Makadirio yako ni 0.6. Sasa tumia kipimo kilekile, ukiweka makadirio mahali pa nadharia: 200 × 0.6 × 0.4 = 48, kipeuo chake karibu 7, mara mbili ni 14. Andika jibu hivi: kati ya 106 na 134 katika 200, yaani asilimia 53 hadi 67. Jibu lisilo na mpaka wake halijakamilika. Ukitaka kuupunguza upana huo hadi nusu, rusha mara 800, kwa kizibo kilekile, kwa sababu kilichopindwa na kifungulio hakina uwezekano sawa na kilichonyooka.